Ukoko, Kunde na Kopo la Mtoto Mnene

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo: ukiona mumeo anatanuka mabega, shati linambana, shingo inajaa, na wewe chakula unachopika ni kilekile, sufuria ni ileile, utafikiri nini? Usinijibu. Mie nilishajijibu zamani, Mwingereza bado yuko anatutawala, na jibu lenyewe lilininyima raha miezi mitatu mizima. Nilijiambia: huyu analishwa. Kuna mwanamke anamlisha mume wangu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya ndoo. Mjukuu wangu ninayekaa naye hapa Kinyerezi kaleta ndoo nyeusi ya plastiki, kaiweka juu ya kabati, ina picha ya mwanaume asiye na shingo. Ndani ni unga. Anachota, anatia kwenye kichupa, anamimina maji, anatikisa chaka chaka chaka, anakunywa kasimama mlangoni kama mtu anayewahi gari.

"Nini hiyo?"

"Protini, Bibi. Nikitoka jimu lazima ninywe hii. Bila hii msuli hauji."

"Nani kasema?"

"Sista mmoja anayetufundisha pale jimu. Ndiye anayetuuzia."

Sista! Kunde zangu za nazi zimefunikwa mezani tangu adhuhuri, zimetulia, zimeshika rojo, na yeye anapita pembeni yake anamsifia sista na unga wake. Weee! Nikausikia ule moto hapa, chini ya titi la kushoto. Na umri wangu huu, meno yamebaki manne! Nikacheka peke yangu. Niliujua ule moto. Mara ya kwanza ulinishikia Temeke.

Nyumba ya baba mkwe wangu ilikuwa ya fito na udongo, vyumba sita, ukumbi katikati, juu wamepiga mabati ya madebe yaliyobanjuliwa. Mvua ikinyesha humsikii mwenzio. Mbele baraza, nyuma uani. Wanaume walikula barazani, sie wanawake tunakula uani kwetu, jikoni. Walikuwa wanne kwenye sinia moja: baba mkwe, wadogo zake wawili, na mume wangu, ambaye ndiye mdogo wao wote. Mie napakua, naweka bakuli la kitoweo katikati ya sinia, mume wangu anakuja kulichukua mlangoni. Likishatoka hapo silioni tena mpaka lirudi tupu. Mkamwana hatoki barazani kuwachungulia wakwe wakila. Ingekuwa aibu ya kupelekwa kwenu.

Sasa mume wangu alikuwa na tabia moja, na mie kwa tabia hiyo nilikuwa najiona nimeolewa kuliko wote. Sinia likisharudi, haupiti muda utamwona anakuja uani, anajifanya anatafuta maji. Anachungulia sufuria.

"Mke wangu, ukoko upo?"

Nautunzaga! Iwe ukoko wa wali, iwe wa ugali, nambandulia kwa mwiko, nampa mkononi. Anachuchumaa pale karibu na mafiga anatafuna kru kru, ananihadithia mambo ya bandarini, kwa maana alikuwa kuli, anapakia magunia ya mkonge melini. Mama mkwe akipita anakohoa kidogo. Mie naona raha! Nikikutana na shoga yangu, jirani wa nyumba ya pili, namringia: "Mwenzio hawezi kumaliza siku bila kuja kunitazama. Ukoko kisingizio tu."

Tuweke hapo. Ukoko utarudi.

Mwaka ule vijana wa bandarini wakaanzisha mchezo wa kunyanyua vyuma. Hakukuwa na jimu wala nini. Nyuma ya gereji moja walichukua bomba la maji, wakachomeka debe la saruji huku na debe la saruji huku, ndiyo chuma chao cha kunyanyua. Na walikuwa na kipande cha reli, ambacho ukiuliza kimetoka wapi kila mtu anatazama pembeni. Siku ya pili ya Idi Kubwa vijana wa Temeke na wa Kinondoni walikuwa washindane kuinyanyua reli ile mbele za watu, na mshindi achukue mbuzi. Basi mume wangu kila alasiri akitoka kazini anapitia garejini, anarudi nyumbani magharibi inaingia, mwili unang'aa jasho.

Mwezi wa kwanza nilifurahi. Mwezi wa pili mabega yakaanza kutanuka, nikafurahi zaidi. Halafu siku moja nikakaa uani na sufuria yangu, ukoko wa wali wa nazi umekauka vizuri, mwekundu, nangoja. Nikangoja. Hakuja. Nikamfuata chumbani.

"Ukoko upo."

"Nimeshiba, mke wangu."

Kesho yake nimeshiba. Keshokutwa nimeshiba. Na shati lake nilipolikung'uta nilifue, likanuka. Si jasho. Pilipili manga na ndimu! Mie siku ile nilipika mchuzi wa papa, hata ndimu yenyewe sikuwa nayo.

Nikaenda kwa shoga yangu nikalia. Akaniacha nilie kwanza, ndiyo akasema, "Shoga, mie nilikuwa naona tabu kukwambia. Mumeo analishwa. Pale garejini kuna mjane anauza supu na kunde. Na hana mume, tangu afiwe ni mwaka wa tatu."

"Anamlisha kwa hela au bure?"

"Hilo sijui. Ila anamwita simba wangu."

Nyie! Simba wangu! Mie mwenyewe sijawahi kumwita simba. Namwitaga baba nanihii, na hatuna hata mtoto.

Unaelewa nilichokuwa nakiogopa. Mume wangu hakuwa mhuni. Angekuwa mhuni ningejua pa kumshikia. Mtu mpole kama yule, akimpenda mwanamke atakwenda kwa baba yake kwa heshima zote, atasema nataka kuoa mke wa pili, na dini inamruhusu, na mie miaka mitatu sijazaa, nitasema nini? Nitaandaliwa ukumbi nimpokee mke mwenzangu na supu yake. Kila nikifumba macho namwona anaingia na chungu kichwani.

Nikaazima buibui la shoga yangu, kwa kuwa langu mume wangu angelijua lilivyochanika pembeni. Alasiri nikaenda garejini, nikasimama nyuma ya gari bovu.

Nilitegemea kuona kitu kibaya, labda kizee, labda kichafu. Haikuwa hivyo. Mwanamke mzuri, mweusi tititi, ana mwanya mbele, kanga kaifunga juu ya kifua, mikono imejaa kwa kukoroga chungu. Ana magogo mawili ya kukalia na moto wa kuni. Mume wangu akaja anapangusa jasho, akakaa gogoni kama mtu anayekaa kwake.

"Karibu simba wangu! Leo umenyanyua mara ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili! Haya nyoosha mkono tuone." Mume wangu akanyoosha mkono, akaukunja, kile kigimbi kikapanda. Wenzake wakacheka. Mjane akasema, "Hicho ni cha kunde zangu hicho. Nyie wengine mnaokula mihogo mitupu mtabaki hivyohivyo kama fito."

Akamjazia bakuli la kunde, juu akamtilia dagaa, pembeni supu ya makongoro na ndimu imekatwa. Halafu akasimama na mwiko wake kiunoni anamtazama akila. Mume wangu akala lile bakuli lote peke yake, taratibu, macho yamefumba nusu. Sikuwahi kumwona mume wangu akila hivyo. Kusema kweli sikuwahi kumwona akila kabisa, zaidi ya ukoko! Na mwanamke mwingine amesimama pale anamwona kila siku.

Nilirudi nyumbani sijui kwa njia gani. Njiani nimeshaamua. Kama mambo ni kujaza mabega, basi na mie nitayajaza, tena kwa kitu ambacho yule na chungu chake hana.

Njia panda kulikuwa na duka la Mhindi. Juu kabisa kwenye rafu alipanga makopo ya maziwa ya unga yaliyotoka Ulaya, na kila kopo lina picha ya mtoto wa Kizungu. Mtoto mnene! Mashavu yamemwagika, mikono ina mikunjo mikunjo kama kaungwa kwa vipande. Mie kusoma sijui, nilikwenda chuoni nikaishia juzuu ya kwanza. Lakini picha naisoma. Nikapiga hesabu zangu: mtoto huyu hana meno, hali ugali, habebi gunia, na kwa kopo hili tu amekuwa hivi. Sasa akipewa mwanaume mzima mwenye kunyanyua reli, si mabega yatapita mlangoni kwa ubavu?

Nilikuwa na akiba yangu ya vitumbua. Nikasema nipe makopo mawili.

Mwenye duka akaniuliza, "Mtoto ana miezi mingapi, mama?"

"Mkubwa kidogo."

"Ameanza kutambaa?"

"Anatembea."

"Oho, hongera. Basi tia vijiko viwili kwenye kikombe. Mwache acheue, usimlaze upesi."

Nikamwambia nimesikia. Moyoni nasema, mtoto vijiko viwili, mtu mzima vijiko kumi, na huyu wangu mshindani, tuweke kumi na tano.

Asubuhi kabla hajaenda kazini nikampa kikombe kizito kama uji.

"Nini hii?"

"Dawa ya nguvu. Imetoka Ulaya. Kunywa."

Akanywa. "Tamu sana."

"Kuliko supu?"

Akanitazama. "Supu gani?"

"Nimeuliza tu."

Akawa anakunywa kila asubuhi. Siku ya tatu naona anakwenda msalani mara kwa mara, lakini hakusema kitu, na mie sikuuliza. Nikajua ndiyo nguvu inaingia, inasukuma uchafu. Siku ya tano nikaongeza vijiko. Kopo la kwanza likaisha, nikalitupa jalalani nyuma ya nyumba. Hapo ndipo nilipokosea, kwa sababu Temeke ya wakati ule jalala ndiyo gazeti letu.

Idi ikaingia. Siku ya kwanza, wanaume wamerudi kuswali, nyumba inanukia pilau. Mie niko chumbani najifunga kanga mpya. Mama mkwe akaingia na shoga yangu na jirani mwingine mtu mzima, wakafunga mlango. Nyuso zao za matanga kabisa. Mama mkwe akanishika mkono.

"Mwanangu, pole. Tumejua."

"Mmejua nini?"

"Usijifiche kwetu. Una moyo wewe. Wengine wangetoka mbio, wewe mume kazaa nje na unamnunulia mtoto maziwa."

"Kazaa? Kazaa na nani?"

Shoga yangu akainamisha kichwa. "Na yule wa supu, shoga. Ndiyo watu wanavyosema."

Nyie, nililia! Nilijitupa kitandani na kanga mpya. Kumbe mambo yamefika kwenye mtoto! Kumbe ana mtoto naye tayari! Nikalia, nikamtaja mama yangu, nikasema leo hii nakwenda kwetu. Na wao wananibembeleza, yule jirani ananipepea kwa pembe ya kanga. Mama mkwe akasema, "Ila mwanangu ungeniambia. Kopo hili tumelikuta jalalani, nikajiuliza ndani ya nyumba yangu nani ana mtoto mchanga?"

Nikanyanyua kichwa. Kashika kopo langu. Yule mtoto mnene ananitazama anacheka.

"Hilo ni langu," nikasema.

"Ndiyo, tunajua umemnunulia mtoto..."

"Nimemnunulia mwanao."

Mama mkwe akalitazama kopo, akanitazama mie. "Mwanangu mie? Yule mwenye ndevu?"

Ilibidi niseme yote: supu, mabega, simba wangu, vijiko kumi na tano. Mama mkwe alianza kucheka kidogo kidogo, akashika ukuta, akateleza mpaka akakaa chini na nguo ya Idi. "Ndiyo maana choo hakikaliki! Ndiyo maana mwanangu anatoka kule kabadilika rangi!" Shoga yangu alitoka mbio, nikajua anakwenda kucheka nje, na nikajua akifika nje hataweza kunyamaza.

Hakunyamaza. Siku ya pili ya Idi, nyuma ya gereji watu wamejaa, wa Temeke huku, wa Kinondoni kule. Mume wangu anaingia uwanjani, kijana mmoja wa Kinondoni akapiga kelele, "Mama yake yuko wapi amshike, ataanguka!" Mwingine, "Mleteeni nepi!" Wakacheka watu wote, hata Temeke wenyewe. Mume wangu alikuwa hajui lolote. Akainama, akaishika reli, akaivuta mpaka magotini. Hapo nikamwona uso umebadilika. Akaiachia, paa! Akashika tumbo, akapasua kundi la watu kuelekea mitini.

Mbuzi wetu alikwenda Kinondoni, nimesimama pale namtazama anavyovutwa. Na unajua nani alimfuata mume wangu kule mitini na birika la chai ya rangi na ndimu? Mjane. Mie nimeganda kama nguzo, yeye kaenda. Kurudi mume wangu akapita mbele yangu. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza." Akaenda zake nyumbani. Ningependa anipigie kelele kuliko neno lile.

Basi hasira yangu yote, aibu yangu yote, nikaipeleka pale kwenye chungu. Watu wameshatawanyika, mjane anazima moto. Nikafunga kibwebwe.

"Wewe mwanamke! Niachie mume wangu!"

Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Ndiye wewe wa kopo?"

"Ndiye mie!"

"Kaa."

"Sikai! Nimekuja kupigana."

"Utapigana umeshakula. Tangu asubuhi hujala, midomo imekukauka." Akapakua kunde, akanisukumia bakuli. Nami nilikuwa na njaa kweli, nikakaa ili nizionje nipate la kuzitukana. Zilikuwa kunde za kawaida! Nazi yake nyepesi, chumvi kidogo, dagaa hata hakuwakaanga vizuri.

Nikasema, "Hizi zangu tamu zaidi."

"Najua. Kila siku mumeo ananiambia. Kunde za mke wangu si hizi, mke wangu anatia tui la kwanza mwisho. Ameshanichosha."

"Sasa kwa nini hazili?"

Mjane akaacha kufuta sufuria. "Mwanangu, hujui? Hazimfikii. Kwenye sinia la kina baba yake yeye ndiye mdogo. Samaki anagawa mzee. Wakubwa wanapewa kichwa, wanapewa mnofu, yeye mkia. Kunde wanazimaliza kwa matonge makubwa, yeye anamega ugali anagusisha rojo. Wakinyanyuka wakubwa na yeye anyanyuke, si atabaki akifakamia peke yake kama hana adabu? Mtu anabeba magunia kutwa, jioni ananyanyua saruji, anakula mkia wa samaki. Angepata wapi msuli? Mie namuuzia bakuli la peke yake, anakula kwa nafasi. Basi."

"Na simba wangu?"

"Wote nawaita simba. Ukimwita mtu simba anaongeza bakuli la pili." Akacheka, ule mwanya ukaonekana. Mzuri, Mungu anisamehe, hata nilipokwisha kuamini nilichukia ule mwanya.

Kesho yake mchana nilifanya jambo la kupelekwa kwetu. Nimepika samaki changu na kunde. Mume wangu akalipokea sinia mlangoni bila kunitazama. Mie nikavua ndara, nikanyata ukumbini, nikabandika jicho kwenye ufa wa mlango. Nikamwona anawanawisha wakubwa, mmoja mmoja, na birika na beseni. Nikamwona baba mkwe, mzee mwema, sina neno baya juu yake, anamega samaki: kichwa chake, mnofu kwa mdogo wake, mnofu kwa mdogo wake. Akasukuma mkia upande wa mume wangu, tena kwa upendo, anamwambia, "Kula mwanangu." Na mume wangu akasema, "Ahsante baba," akaula na mifupa.

Miaka mitatu! Miaka mitatu nilikuwa namkaangia samaki yule mwanaume na sijamlisha hata siku moja. Na ukoko, jamani. Ule ukoko niliouringia kwa shoga yangu! Kumbe ilikuwa njaa.

Jioni ile kabla sijapakua sinia, nilichota bakuli zima la kunde, nikaweka vipande viwili vya changu, nikalipeleka chumbani, nikalifunika kwa kawa. Natoka, uso kwa uso na mama mkwe.

"Unaficha chakula?"

Akaniangalia, akaangalia mlango wa chumba.

"Umechelewa," akasema. "Mie baba yake nilianza kumfichia mwezi wa pili wa ndoa. Na yeye alikuwa mdogo kwenye sinia la baba yake, hawa wadogo zake bado watoto." Akapita zake kwenye kuni.

Mume wangu alipoingia nikafunua kawa. Alisimama. Akakaa kitandani, akala lote, na safari hii ni mie niliyesimama kumtazama.

"Kwa nini hukuniambia una njaa?"

"Mwanaume anamwambiaje mkewe kwamba baba yake anampa mkia? Ungesema nini juu ya baba?"

"Na ukoko? Sema kweli. Ilikuwa njaa?"

Akafikiri. Laiti angedanganya! "Mwanzo ilikuwa njaa," akasema. "Baadaye nilipokuwa nashiba kule, nilitaka kuja hivyohivyo. Nikaona nikija nisile ukoko utaniuliza nimekula wapi."

Tukacheka mpaka baba mkwe akagonga ukuta.

Mwaka uliofuata, Idi hiyohiyo, alinyanyua ile reli, magotini, kifuani, juu ya kichwa, kwa kunde na changu na mayai mawili matatu nikipata, kopo sijagusa. Mbuzi tukamla Temeke. Watu walipiga kelele, na juu ya kelele zote nikasikia sauti moja, "Simba wangu huyo!" Moyo ukaniruka. Mke mwenza hakuja, mume wangu hakuoa tena mpaka anakufa, na yule mjane aliolewa na fundi wa gereji. Tukawa tunasalimiana vizuri tu. Lakini nikwambie ukweli, leo hii nikisikia harufu ya pilipili manga na ndimu roho inanikwaruza. Alimwona mume wangu akishiba kabla yangu. Hilo sijamsamehe.

Yote haya nilimhadithia mjukuu wangu juzi, yeye na kichupa chake mkononi. Alicheka hasa pale penye vijiko kumi na tano. Halafu nikamuuliza, "Hiyo protini, sista wako kasema inapatikana wapi pengine?"

Akaanza kujikuna. "Kasema ipo kwenye maziwa, mayai, samaki, maharage..."

"Na kunde?"

"Na kunde, Bibi. Tena kasema mtu anayekula vizuri siyo lazima anunue. Ni kwa ajili ya wale wasiopata nafasi ya kula."

"Wewe sinia lako unagombania na nani? Nani anakula mnofu, wewe unabaki na mkia? Tuko wawili nyumba nzima, na mie meno sina."

Nikamwambia mie unga wake siujui, siwezi kusema ni mbaya, labda umetengenezwa kwa wakubwa kweli. Lakini bakuli langu linapoa chini ya kawa, na mwanamke mwingine anasifiwa mlangoni kwangu, na mie wivu wangu haujazeeka kama miguu.

Mjukuu wangu akakiweka kichupa chini. Akavuta kiti, akafunua kawa, akala kunde zote, na mie nimekaa namtazama, sikuondoa macho. Alipomaliza akalamba kidole, akasema, "Haya Bibi, nakuahidi. Kuanzia leo nikitoka jimu naanza na bakuli lako, nakula hapahapa unaniona. Ndoo ikiisha sinunui nyingine. Na Jumapili namleta huyo sista aje azionje, umwambie mwenyewe zako ndizo tamu."